Somo la 8: Barnaba, Mdhamini wa Wengine

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mdo. 4:32–37, Mdo. 9:26–30, Mdo. 11:19–30, Mdo. 13:1–13, Mdo. 15:36–41, Gal. 2:11–13, Flm. 17–24, Ebr. 7:22.

Fungu la Kukariri: Matendo 11:24. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili. Angalia mambo matatu yanayosemwa hapo juu ya Barnaba, kisha omba kwa ajili ya lile unalolihitaji zaidi.

Wazazi wake walimwita Yusufu. Alikuwa Mlawi, mwenyeji wa kisiwa cha Kipro, aliyejiunga na kanisa la Yerusalemu katika siku zake za mwanzo. Hata hivyo, ni wachache wanaomkumbuka kwa jina hilo la kwanza. Mitume waliona jinsi alivyowatendea watu, wakampa jina jingine: Barnaba, ambalo Luka anaeleza kwamba maana yake ni Mwana wa Faraja.

Neno la Kiyunani lililotafsiriwa hapa kuwa “faraja” ni pana. Hubeba maana ya kufariji, kutia moyo na kusihi, na ndani yake mna wazo la kumwita mtu aje kando yako. Katika shina hilohilo linatoka jina ambalo Yesu alilitumia kwa Roho Mtakatifu katika Yohana 14:16, yaani Msaidizi. Kwa hiyo, mitume walipompa Yusufu jina hilo, walikuwa wakikiri kwamba kazi ya Roho ilionekana katika maisha yake.

Hakuna waraka katika Agano Jipya unaobeba jina la Barnaba, wala Luka hakutuhifadhia hubiri lake hata moja refu. Lakini nyaraka 13 za Agano Jipya zina jina la Paulo, na Injili yenye sura 16 inaitwa kwa jina la Marko. Watu hawa wawili waliwahi kukataliwa na ndugu katika kanisa, kila mmoja kwa wakati wake, na mara zote mbili Barnaba ndiye aliyesimama upande wao.

Somo la juma hili linamfuata Barnaba kutoka Yerusalemu hadi Antiokia na kurudi Kipro. Linaonyesha kwamba kutia moyo ni zaidi ya kusema maneno mazuri. Ni kukubali kuwa mdhamini wa mwingine: kuweka mali, jina na nafasi yako nyuma yake ili naye aweze kusimama na kumtumikia Mungu.

JUMAPILI

Shamba Lililouzwa

Soma Matendo 4:32–37, kisha Matendo 5:1–11. Watu wanaotajwa katika mafungu haya wote waliuza mali na kuleta fedha. Basi tofauti kati yao ilikuwa nini?

Mara ya kwanza Barnaba anapoonekana katika Biblia, hahubiri wala haongozi kikao. Anauza shamba, analeta fedha na kuziweka miguuni pa mitume. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na watu wengi waliohitaji msaada, na kila mtu aligawiwa kwa kadiri ya haja yake. Luka angeweza kutaja mifano mingi ya watu waliouza mali zao. Alimchagua huyu mmoja na kumtaja kwa jina, kwa ukoo na kwa nchi yake.

Tendo la kuziweka fedha miguuni pa mitume lina uzito wake. Mtu anapotoa msaada kwa mkono wake mwenyewe, anayepokea hujua nani wa kumshukuru, na shukrani hiyo huweza kugeuka kuwa deni. Barnaba aliziacha fedha mikononi mwa wengine. Hakushika orodha ya wajane waliokula kwa fedha za shamba lake. Alipoziweka pale, aliachilia fedha na pia haki ya kuamua zitumikeje.

Mara tu baada ya habari hii, Luka anasimulia habari za Anania na Safira. Petro aliwaambia wazi kwamba shamba lilikuwa lao, na hata baada ya kuliuza fedha zilikuwa katika uwezo wao. Hakuna aliyewalazimisha kutoa. Kosa lao lilikuwa kutaka kuhesabiwa kama watu waliotoa vyote huku wakificha sehemu. Walitaka heshima aliyokuwa nayo mtu kama Barnaba, bila gharama aliyoilipa.

Habari hizi mbili zimewekwa pamoja kwa makusudi. Katika kanisa lolote inawezekana kutafuta jina la mtumishi bila kuwa mtumishi. Mtu anaweza kuahidi mchango mkubwa wakati wa makambi, mbele ya mkutano mzima, na ahadi hiyo ikafa kabla ya mahema kuondolewa. Mwingine huwapelekea unga majirani waliofiwa, na hakuna anayejua isipokuwa wao na Mungu. Uongozi wa Barnaba ulianzia mahali pa huyu wa pili. Kabla hajatumwa popote, kabla jina lake halijatajwa katika kikao chochote, alikuwa tayari anatumika.

Ni huduma gani unayoifanya sasa ambayo ungeendelea kuifanya hata kama hakuna ambaye angeijua kamwe?

JUMATATU

Aliyemchukua Sauli

Soma Matendo 9:26–30, pamoja na Matendo 7:58 na 8:1–3. Kwa nini wanafunzi wa Yerusalemu walimwogopa Sauli? Je, hofu yao ilikuwa na msingi?

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sauli alikuwapo Stefano alipouawa, na waliompiga mawe waliweka nguo zao miguuni pake. Baada ya hapo aliingia nyumba kwa nyumba, akawaburuta wanaume na wanawake na kuwatia gerezani. Aliporudi Yerusalemu, miaka mitatu ilikuwa imepita tangu kuongoka kwake (Gal. 1:18), lakini huenda wale walioburutwa siku zile walikuwa bado wamo katika kanisa hilo. Alipojaribu kujiunga na wanafunzi, wote walimwogopa. Hawakuamini kwamba naye alikuwa mwanafunzi.

Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mtesi anayejifanya ameongoka angeweza kuyajua majina yote ya waumini na nyumba zote wanamokutania. Kosa moja lingeweza kuwapeleka wengi gerezani.

Hapo ndipo Barnaba alipofanya mambo matatu yaliyo katika Matendo 9:27. Alimchukua Sauli, akampeleka kwa mitume, akaeleza habari zake. Angalia jinsi alivyoeleza. Hakuwaambia mitume kwamba Sauli ni mtu mzuri, wala hakuwaomba wamwonee huruma. Alisimulia jinsi Sauli alivyomwona Bwana njiani, jinsi Bwana alivyosema naye, na jinsi alivyohubiri kwa ujasiri kule Dameski kwa jina la Yesu. Alishuhudia yale aliyofanya Bwana na matunda yaliyoonekana. Ni wazi kwamba alikuwa amekaa na Sauli na kumsikiliza, wakati wengine walikuwa wanamkwepa.

Yeyote aliyewahi kukopa katika kikundi cha kuweka na kukopa anajua uzito wa sahihi ya mdhamini. Mkopaji akitoroka, mdhamini ndiye hulipa. Ndiyo maana wengi wako tayari kumsifu jirani yao barazani, lakini wakiombwa kumdhamini, ghafla wana safari. Barnaba alitia sahihi. Kama Sauli angekuwa mlaghai, jina jema ambalo Barnaba alikuwa amelipata kwa miaka lingepotea siku moja, na damu ya ndugu ingedaiwa mikononi mwake.

Biblia yenyewe inaonya juu ya kumdhamini mtu usiyemjua (Mit. 11:15). Barnaba hakulivunja onyo hilo. Imani yake ilitembea pamoja na uchunguzi: alijua habari za njiani, alijua habari za Dameski, akazisema mbele ya watu waliokuwa na haki ya kuuliza. Kumwamini mtu kwa namna hii ni kazi. Huhitaji muda, masikio na ujasiri wa kusema mbele ya wazee kile ambacho wengine hunong'ona tu.

Matokeo yake ni kwamba Sauli aliingia na kutoka pamoja nao Yerusalemu. Mlango uliokuwa umefungwa na wote ulifunguliwa na mtu mmoja.

Je, kuna mtu katika kanisa lako ambaye bado anatambulishwa kwa mambo aliyoyafanya zamani? Ungehitaji kujua nini ili uweze kusimama kando yake kwa haki?

JUMANNE

Safari ya Kwenda Tarso

Soma Matendo 11:19–26. Barnaba alipofika Antiokia aliona nini, na kwa nini hakubaki kuifanya kazi ile peke yake?

Antiokia ya Shamu, kando ya mto Orontes, mahali ulipo leo mji wa Antakya nchini Uturuki, ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya dola ya Kirumi. Waumini waliotawanyika kwa sababu ya mateso walifika huko, na baadhi yao, watu wa Kipro na Kirene, walianza kuwahubiri Wayunani. Wengi waliamini. Habari zilipofika Yerusalemu, kanisa likamtuma Barnaba. Lilikuwa chaguo la busara, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Kipro na pia alikuwa ameaminiwa na mitume.

Mtu aliyetumwa kutoka makao makuu angeweza kufika akiwa na orodha ya makosa. Hapakuwa na shida ya kuyapata: waumini wapya, wengi wao wakiwa hawajakulia katika Torati, na kazi iliyoanzishwa na watu wasiotajwa hata majina. Luka anasema kwamba Barnaba aliiona neema ya Mungu, akafurahi. Baada ya kufurahi ndipo alipowasihi wote waambatane na Bwana kwa moyo wote. Mafundisho yalikuwa na nafasi yake, lakini hayakutangulia furaha. Waumini wachanga husikia zaidi maonyo ya mtu ambaye wameona anafurahia kuwa kwao.

Kazi ikazidi kukua. Hapo Barnaba alikuwa na njia mbili. Angeweza kubaki kuwa mwalimu mkuu wa kanisa kubwa katika mji mkubwa. Au angeweza kumtafuta mtu mwenye kipawa kuliko chake. Alichagua njia ya pili, akaenda Tarso kumtafuta Sauli.

Tarso iko yapata kilomita 200 kutoka Antiokia kwa barabara, na neno alilolitumia Luka linaonyesha kutafuta kwa bidii mpaka kupata. Tangu ndugu walipompeleka Sauli Tarso (Mdo. 9:30), kitabu cha Matendo kilikuwa kimenyamaza juu yake. Inawezekana wengi Yerusalemu waliona afadhali akae huko. Barnaba hakuwa amemsahau. Alipoiona haja ya Antiokia, alikumbuka kipawa kilichokuwa Tarso, akafunga safari kukifuata.

Kwa mwaka mzima wawili hao walifundisha pamoja. Ni katika mji huo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Tena, njaa ilipotabiriwa na Agabo, iliyokuja siku za Klaudio, waumini wa Antiokia walitoa kila mtu kwa kadiri alivyoweza, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli (Mdo. 11:27–30). Yule aliyeuza shamba lake kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu sasa alikuwa amelea kanisa zima lenye moyo huohuo. Na yule aliyewahi kuogopwa Yerusalemu alirudi huko akiwa amebeba fedha za msaada.

Katika makanisa mengi, mzee mmoja huhubiri, hufundisha darasa la ubatizo, huongoza kwaya na kushika funguo za kanisa, kisha hulalamika kwamba hakuna watenda kazi. “Tarso” yako iko wapi? Ni nani mwenye kipawa anayekaa nyumbani kwa sababu hakuna aliyemfuata?

JUMATANO

Jina Linapotajwa la Pili

Soma Matendo 13:1–13, kisha linganisha na Matendo 13:43, 46 na 50. Ni badiliko gani linaloonekana katika namna Luka anavyoyataja majina ya Barnaba na Sauli?

Katika orodha ya manabii na walimu wa Antiokia, Barnaba ametajwa wa kwanza na Sauli wa mwisho. Roho Mtakatifu anapowatenga kwa kazi, ni Barnaba na Sauli. Mbele ya liwali Sergio Paulo kule Kipro, ni Barnaba na Sauli. Lakini wanapotoka Pafo kwa merikebu, Luka anaandika juu ya Paulo na wenzake. Kuanzia hapo, mara nyingi ni Paulo na Barnaba. Katika mafungu machache mpangilio wa zamani unarudi (Mdo. 14:14, 15:12), kwa hiyo isisemwe kwamba Barnaba alivuliwa cheo. Ila ni wazi kwamba Paulo ndiye aliyekuwa msemaji mkuu. Hata wapagani wa Listra walilitambua hilo (Mdo. 14:12).

Badiliko hili lilitokea wakati wakiwa Kipro, nyumbani kwa Barnaba. Mtu aliyemtambulisha Paulo kwa mitume, akamfuata Tarso na kumpa nafasi ya kufundisha, sasa alisimama pembeni wakati Paulo akisema. Waswahili husema kutangulia si kufika. Wengi waliotangulia hawapendi kuona waliokuja nyuma wakifika mbele yao. Katika sura hizi zote hakuna neno hata moja la manung'uniko kutoka kwa Barnaba.

Wala hakujitenga na kazi. Baada ya Paulo kupigwa mawe Listra na kuburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa, kesho yake alitoka pamoja na Barnaba kwenda Derbe (Mdo. 14:19, 20). Kisha walirudi Listra, Ikonio na Antiokia ya Pisidia, miji ileile iliyowatesa, kuwaimarisha wanafunzi na kuwawekea wazee katika kila kanisa (Mdo. 14:21–23). Waumini wale hawakuachwa wamtegemee mgeni mmoja mwenye kipawa. Waliachiwa viongozi wa kwao.

Historia ya Waadventista Wasabato ina mfano unaofanana na huu. Mwezi Mei mwaka 1863, wajumbe walikutana Battle Creek, Michigan, nchini Marekani, kuunda Konferensi Kuu. Walimchagua James White awe mwenyekiti wake wa kwanza. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akilisihi kanisa liwe na utaratibu, na kama angekubali, wangekuwapo wa kusema kwamba alikuwa akijitengenezea kiti. White alikataa, na John Byington akachaguliwa badala yake. White alikuja kushika nafasi hiyo baadaye, mwaka 1865. Lakini siku ile ya kwanza, kazi aliyoipigania ilianza ikiwa chini ya mtu mwingine, naye akaendelea kuitumikia.

Moyo wa kiongozi hupimwa vizuri siku ambayo mwanafunzi wake anapongezwa kuliko yeye. Yohana Mbatizaji alilipita jaribio hilo (Yn. 3:26–30). Sauli mwana wa Kishi alishindwa, na wimbo wa wanawake ukamtia sumu ya wivu dhidi ya Daudi (1 Sam. 18:6–9).

Kumbuka mara ya mwisho mtu uliyemfundisha alipokupita. Moyo wako ulisema nini, na kinywa chako kilisema nini?

ALHAMISI

Marko na Gharama ya Kudhamini

Soma Matendo 13:13 na 15:36–41. Paulo na Barnaba waliona nini kila mmoja alipomtazama Yohana Marko?

Marko aliwaacha wenzake Perge ya Pamfilia, kabla ya sehemu ngumu ya safari, akarudi Yerusalemu. Biblia haisemi sababu. Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba alitaka kumchukua tena, naye Paulo akakataa. Ubishi ukawa mkali hata wakaachana. Paulo alimchukua Sila, na Barnaba akamchukua Marko wakaenda Kipro.

Luka hasemi nani alikuwa na haki. Paulo aliiangalia kazi: makanisa machanga, njia za hatari, na mtu aliyewahi kukimbia. Barnaba alimwangalia mfanyakazi: kijana aliyeanguka mara moja, ambaye akikataliwa sasa huenda asiinuke tena. Marko alikuwa pia jamaa yake (Kol. 4:10), na huenda wapo waliosema kwamba alikuwa akimpendelea ndugu yake. Lakini Barnaba alikuwa amefanya vilevile kwa Sauli, ambaye hakuwa jamaa yake.

Tena, Barnaba hakuwa mkamilifu. Soma Wagalatia 2:11–13. Petro alipojitenga na waumini wa Mataifa kule Antiokia kwa kuwaogopa watu waliotoka kwa Yakobo, hata Barnaba alichukuliwa na unafiki huo. Mtu mpole anayependa amani huweza kujaribiwa kunyamaza wakati anapopaswa kusema. Siku ile waumini wa Antiokia, ambao Barnaba mwenyewe aliwafurahia alipowaona, waliachwa peke yao mezani na rafiki yao. Ilibidi Paulo aseme. Kanisa lilihitaji upole wa Barnaba na uthabiti wa Paulo, na hakuna kati yao aliyekuwa nazo zote mbili kwa ukamilifu.

Kwa ajili ya Marko, Barnaba alilipa. Baada ya Matendo 15:39, kitabu cha Matendo hakimtaji tena. Safari zilizofuata, Filipi, Athene, Korintho, Efeso, ni za Paulo na wenzake wengine. Barnaba alitoka katika simulizi akiwa pamoja na kijana mmoja ambaye wengine hawakumtaka. Pia angalia jinsi alivyomrudisha. Hakumpa kanisa la kuongoza peke yake, wala hakumwambia asubiri nyumbani mpaka athibitike. Alisafiri naye.

Miaka ilipita. Soma Wakolosai 4:10, 11, Filemoni 24, 2 Timotheo 4:11, 1 Petro 5:13. Matunda ya uamuzi wa Barnaba yanaonekana wapi?

Marko anaonekana akiwa pamoja na Paulo kifungoni, akiwa mtenda kazi pamoja naye na faraja kwake. Katika waraka wake wa mwisho, Paulo anamwagiza Timotheo amlete Marko, kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Petro anamwita mwanawe.

Waraka kwa Filemoni una ushuhuda mwingine. Onesimo, mtumwa aliyemkosea bwana wake, alihitaji mtu wa kusimama kati yao. Paulo aliandika na kuomba kwamba kama Onesimo anadaiwa chochote, kihesabiwe juu yake yeye Paulo, naye atalipa (Flm. 17–19). Paulo alikuwa amejua tangu Yerusalemu ilivyo kudhaminiwa. Sasa yeye mwenyewe alitia sahihi kwa ajili ya mwingine, na jina la Marko limo katika salamu za waraka huohuo.

Nani aliwahi kukuamini baada ya kushindwa kwako? Je, umempa mtu mwingine nafasi kama hiyo?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Ellen G. White, katika kitabu chake Matendo ya Mitume kilichochapwa mwaka 1911, anaeleza kwamba Marko aliingiwa na hofu na kukata tamaa mbele ya taabu za safari, na kwamba Paulo alimhukumu kwa ukali kwa muda fulani. Barnaba alielekea kumsamehe kwa sababu ya uchanga wake katika kazi. Anaonyesha pia kwamba, kwa baraka za Mungu na malezi ya busara ya Barnaba, Marko alikuja kuwa mtenda kazi wa thamani.

Wazo la mdhamini linapita katika Biblia nzima. Katika Mwanzo 43:9, Yuda alijitoa kwa baba yake kuwa mdhamini wa Benyamini. Kule Misri, kikombe kilipopatikana katika gunia la Benyamini, Yuda alitimiza neno lake: aliomba abaki mtumwa yeye, ili mdogo wake arudi kwa baba yao (Mwa. 44:32–34). Katika ukoo wa Yuda alizaliwa Yesu, ambaye Waebrania 7:22 inamwita mdhamini wa agano lililo bora.

Hapo ndipo nguvu ya Barnaba ilipotoka. Mwenye dhambi hakuwa na jina la kuweka mbele za Mungu, wala mali ya kulipa deni lake. Kristo aliweka jina lake, akalilipa kwa uhai wake, na sasa anasimama mbele za Baba kwa ajili ya watu ambao Shetani anayo orodha ndefu ya kuwashtaki. Kiongozi anayejua kwamba yeye mwenyewe anasimama kwa sababu ya Mdhamini huyo hawezi kuona ni gharama kubwa mno kumchukua Sauli mkono, au kusafiri na Marko.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kumtia mtu moyo na kumsifu? Toeni mifano ya sifa ambazo hazikumsaidia aliyesifiwa, na ya maneno magumu yaliyomjenga mtu.

2. Ndugu aliyekuwa mtunza hazina alitumia vibaya sadaka, akaondolewa ushirika, kisha akatubu na kubatizwa tena. Sasa anatamani kutumika. Mkimfuata Barnaba, mngempa kazi gani, nani angetembea naye, na ni mambo gani msingemwachia kwanza? Hofu ya washiriki ingeshughulikiwaje bila kudharauliwa?

3. Kamati ya uchaguzi inapokutana katika kanisa lenu, ni majina gani hurudiwa kila mwaka? Ni vipawa gani kati ya vijana, wanawake na waumini wapya ambavyo havijawahi kufuatwa?

4. Paulo na Barnaba waliachana kwa ukali, lakini Paulo alimtaja Barnaba baadaye kwa heshima (1 Kor. 9:6) na akamhitaji Marko. Hili linafundisha nini juu ya namna ya kutofautiana bila kuharibiana majina?

5. Kila mwanadarasa ataje moyoni mwake jina la mtu mmoja anayehitaji mdhamini. Kabla ya Sabato ijayo, fanya jambo moja kwa ajili yake: mtembelee, msikilize, au sema neno la kweli kwa ajili yake mbele ya wale wanaoweza kumfungulia mlango.